Je, Mkimbizi Anunue Simenti?

Katika toleo hili tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo linasemwa sana kwenye vikundi vya maombi, kisimani na njiani kutoka sokoni, lakini halijapata kusemwa mimbarani. Nalo ni hili: je, ni vema mkimbizi atoe fedha yake anunue simenti, mchanga na chokaa, aipige lipu nyumba iliyo juu ya ardhi isiyo yake? Wapo waumini wasemao ni dhambi ya kukata tamaa, kwamba aliyepiga lipu amekwisha kusahau kwao. Wapo wasemao ni upumbavu tu, maana hakuna ajuaye siku ya kuondoka. Na wapo ambao hawasemi neno, wanaendelea kuchanganya mchanga.

Swali hili si dogo. Mfuko mmoja wa simenti kwa wengi wetu ni kazi ya siku nyingi katika mashamba ya wenyeji. Fedha hiyo ikienda ukutani, haikwenda shuleni wala hospitalini. Kwa hiyo hatuwezi kulimaliza kwa kusema kila mtu afanye apendavyo.

Tuanze na wale wasemao ni kukosa imani. Wao hupenda kumtaja Ibrahimu, aliyekaa hemani katika nchi ya ahadi kama mgeni. Ni kweli. Lakini Biblia ina wakimbizi wengi, na si wote waliokaa hemani. Someni Yeremia, sura ya 28 na ya 29, msome zote mbili pamoja, maana watu wengi husoma ya pili tu. Katika ile ya kwanza yuko nabii mmoja aitwaye Hanania. Yeye aliwaambia watu hekaluni kwamba uhamisho wa Babeli utakwisha kwa miaka 2, mfalme atarudi na vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudi. Yeremia alipomsikia alisema Amina. Hakumpinga kwanza, alitamani iwe hivyo, maana nani asiyetamani? Lakini baadaye Bwana akamtuma kumwambia Hanania kwamba amewatumainisha watu uongo. Ndipo katika sura ya 29 Yeremia akawaandikia barua wale waliokuwa Babeli, akawaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji ule waliohamishiwa. Muda aliowapa ulikuwa miaka 70.

Barua ile haikupendwa. Mwishoni mwa sura hiyohiyo yuko mtu aitwaye Shemaya, aliyekuwa Babeli pamoja nao. Aliandika Yerusalemu kulalamika, akataka Yeremia akamatwe, na shitaka lake lilikuwa hilohilo la kuwaambia watu kwamba uhamisho ni mrefu na wajenge nyumba. Basi ubishi wetu wa kisimani ni wa zamani sana. Na tukumbuke Babeli ilikuwa nchi ya udongo. Nyumba za watu wa kawaida kule zilijengwa kwa tofali za udongo zilizokaushwa juani, kama hizi zetu.

Hapa Nakivale hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Watu wa kwanza kuletwa hapa, miaka ile ya 1959 na 1960, walikuwa Wanyarwanda. Wengi wao walingoja zaidi ya miaka 30, hata wakarudi kwao mwaka 1994. Mtoto aliyefika mgongoni mwa mama alirudi akiwa na watoto wake. Je, mama yule angekaa miaka yote hiyo chini ya majani yaliyooza ili aonekane ana imani? Na sisi Wakongomani, tuliokimbia 1996, tuliokimbia 1998, tuliokimbia 2012, na hawa waliotufikia baada ya Goma kuanguka Januari 2025, tumewasikia akina Hanania wangapi? Kila mwaka yuko anayesema ni mwaka huu. Tunasema Amina, na Yeremia mwenyewe alisema. Lakini mvua ya Machi haingoji unabii.

Wako Hanania wa namna nyingine pia, ambaye hatabiri kurudi Kongo, anatabiri kwenda nchi ya tatu. Familia inapoitwa mahojiano ya kwanza, mara ukuta unaachwa unabomoka. Baba anasema, "Tutapiga lipu ya nini, nasi tunaondoka?" Miaka 6 inapita. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hata watu waliokuwa wamekwisha kupangiwa ndege walibaki. Baadhi ya watu wa namna hiyo walikuwa wamegawa hata masufuria. Kungoja si dhambi. Lakini kuwalaza watoto katika nyumba inayovuja kwa sababu ya safari ambayo tarehe yake iko mikononi mwa watu wa mbali, hilo mzazi atalijibu.

Sasa tuwasikilize na wale wasemao ni upumbavu, maana hoja yao ina nguvu kuliko ile ya kwanza. Wanasema: ardhi si yetu. Na hilo ni kweli kabisa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za 2010, inampa mkimbizi wa makazi ruhusa ya kutumia kiwanja, kulima na kukaa. Haimpi kukimiliki, wala haimruhusu kukiuza au kukikodisha. Kila karai ya lipu unayoibandika ukutani umeibandika pasipo hati. Na ndugu zetu Warundi waliokuwa Mtabila, kule Kasulu nchini Tanzania, kambi yao ilipofungwa mwishoni mwa 2012, hakuna aliyebeba ukuta mgongoni.

Lakini tuitazame hoja hiyo vizuri. Inasema kitu ambacho huwezi kukiuza wala kukibeba hakifai kununuliwa. Kwa kipimo hicho, chakula nacho ni upumbavu, maana ukikila huwezi kukiuza tena. Hata dawa ya malaria hutaondoka nayo. Vitu vingi tunavyonunua tunavitumia hapohapo, na hatuulizi hati. Nyumba inatuchanganya kwa sababu kwetu, kijijini, nyumba ilikuwa urithi. Tumezoea kufikiri kwamba anayejenga anawajengea wajukuu. Hapa nyumba si urithi, ni matumizi. Ukiihesabu hivyo, swali linabadilika. Badala ya kuuliza "Itakuwa ya nani?" tuulize "Itatufaa nini usiku huu, na kwa bei gani, na nani analipa?"

Itatufaa nini, jibu ni rahisi. Kila mama wa hapa anaijua papasi, inayokaa katika nyufa za ukuta wa udongo na sakafuni, inatoka usiku kuuma watu na kuleta homa inayokwenda na kurudi. Anajua na funza, wanaozaliana katika vumbi la sakafu isiyosakafiwa na kuingia vidoleni mwa watoto. Ukuta laini usio na nyufa na sakafu ngumu inayopanguswa ni kinga. Anayepiga lipu chumba wanamolala watoto hajamsahau Mungu wala Kongo.

Tusijidanganye hata hivyo. Iko lipu nyingine hapa kwetu, tunaiona wote, iliyopigwa ukuta mmoja tu, ule unaotazama barabara. Kuta tatu za nyuma ni udongo mtupu, zimeliwa na mvua, na ndani papasi wanastarehe. Hiyo lipu imenunuliwa kwa ajili ya macho ya majirani. Tunacheka, lakini ile simenti ya mbele ingetosha chumba cha watoto. Mtume Yakobo hakuandika juu ya lipu, ila nadhani angeelewa.

Tuje kwenye bei, na hapa naomba wasomaji wachukue kalamu. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, yaani hata madumu mawili ya lita 20 haujazi. Kwa lipu ya kawaida, kipimo 1 cha simenti kwa vipimo 5 vya mchanga, kwa unene wa sentimita 1 na nusu, mfuko mmoja hufunika kama mita za mraba 9 au 10. Nyumba ya mita 4 kwa 6, yenye kuta za mita 2 na robo kwenda juu, ukitoa mlango na madirisha, ina mita za mraba 40 hivi kwa nje. Hiyo ni mifuko 4 hadi 5 kwa nje peke yake, na ndani karibu sawa na hiyo. Bwana Yesu katika Luka 14 alisema juu ya mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama za mnara. Wengi wetu hatuketi. Tunanunua mfuko mmoja mmoja kila tunapopata. Mfuko wa kwanza unawekwa chini sakafuni, unavuta unyevu, na siku ya kazi unafunguliwa umekuwa jiwe. Simenti ikikaa iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na isizidi miezi 3. Kabla ya kulipa, bonyeza pembe za mfuko. Zikiwa ngumu, au ukitia mkono ukute mabonge yasiyovunjika kwa vidole, rudisha. Soma pia namba mfukoni: ile ya 32.5 inatosha kabisa kwa kujengea na lipu, na ile ya 42.5, ambayo ni ghali zaidi, ni ya zege. Muuza duka hana lazima ya kukuambia.

Na liko jambo ambalo mafundi waaminifu wanalijua na wengine wanalificha. Lipu ya simenti haishikani vizuri na tofali mbichi za udongo. Udongo unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na simenti haifuati. Maji yakipita katika ufa mmoja yanakaa nyuma ya lipu, ukuta unalainika ndani huku nje ukionekana mzuri, na siku moja bamba zima linaanguka na udongo wake. Ezekieli, sura ya 13, alizungumza juu ya watu waliojenga ukuta dhaifu na wengine wakaupaka chokaa ili uonekane imara. Alisema hivyo juu ya manabii wa uongo, lakini ni wazi alikuwa amewaona mafundi. Kwa nyumba nyingi za hapa, inafaa kutumia simenti kidogo pale chini tu, katika msingi na nusu mita ya kwanza inayorushiwa matone ya mvua, na sakafuni. Juu ipigwe lipu ya udongo uliochanganywa na mchanga, majani yaliyokatwakatwa na samadi ya ng'ombe. Katika wilaya hii ya Isingiro wafugaji si wachache, na samadi ukiomba kwa adabu utapata, pengine kwa kibarua kidogo. Paa litokeze nje vya kutosha kuukinga ukuta. Hiyo ni nyumba nzuri, na gharama yake haifiki nusu. Fundi anayejua hivyo, akakaa kimya ili apate kazi ya mifuko 9, ameiba, ingawa hakuna polisi atakayemkamata.

Tena katika Walawi 14 yapo maagizo juu ya nyumba yenye ugonjwa ukutani. Kuhani hakuambiwa aifunike. Alitakiwa kuamuru ikwanguliwe, lile vumbi likatupwe nje ya mji, mawe yaliyoharibika yatolewe, ndipo ipakwe upya. Kukwangua kunachosha na hakuonekani na wageni, kwa hiyo watu wanakuruka.

Nani analipa? Hapa ndipo dhamiri zetu zinapopimwa hasa. Mwaka 2020 posho ya chakula kwa wakimbizi wa Uganda ilipunguzwa hadi asilimia 70, mwaka 2021 hadi 60, na tangu 2023 watu wamegawanywa kwa makundi na wengine wametolewa kabisa. Katika hali hiyo, nyumba inayopigwa lipu kwa kuuza mahindi ya watoto imejengwa kwa njaa ya watoto. Hatusemi hivyo kwa yule aliyelima akavuna ziada. Tunasema kwa yule ambaye mwenzi wake hakuulizwa.

Wengine fedha yao inatoka mbali. Kaka amekwenda Marekani au Kanada, anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama, anatuma kwa simu fedha ya kumpigia mama lipu kabla ya masika. Yeye hawezi kuja kuhesabu mifuko. Anaambiwa mifuko 9, inanunuliwa 5, na mchanga unaongezwa hadi vipimo 8 au 9 ili ukuta upate rangi. Picha inapigwa na kutumwa, naye anafurahi. Ukuta ule ukiupangusa kwa kiganja unatoka unga. Wako wanaojitetea kwamba kaka ana nyingi, nasi hapa tuna shida. Lakini aliyeibiwa kwanza ni mama anayelala humo ndani. Kama fedha ilihitajika kwa chakula, mwambieni kaka ni ya chakula. Mara nyingi atakubali, na asipokubali, ni jasho lake. Na kwa ninyi mlio mbali ambao jarida hili huwafikia kwa mikono ya ndugu: msiagize lipu ya simenti kwa sababu mnaona aibu picha ya nyumba ya udongo. Ulizeni kwanza ukuta ni wa nini, na mama mwenyewe anataka nini. Pengine anataka godoro.

Vifaa vingine havina bei dukani, lakini vina mwenyewe. Mchanga ulio kando ya ziwa si wa bure kwa sababu tu hakuna mlinzi. Eneo la Mburo na Nakivale liko tangu 2006 katika orodha ya ardhi oevu zinazohifadhiwa kimataifa, na wavuvi wanaishi kwa ziwa hilo. Tofali za kuchoma zinakula kuni nyingi mno, na miti hiyo ilikuwa ya wenyeji kabla hatujafika. Ibrahimu yule tuliyemtaja, alipofiwa na Sara, alikuwa mgeni asiye na shamba. Efroni Mhiti alimwambia achukue pango la Makpela bure. Ibrahimu akakataa, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote. Mgeni mwenye adabu hulipa bei kamili, na hulipa mbele ya mashahidi. Ugomvi mwingi wa mipakani, kati yetu na wenyeji, ulianza na mti mmoja.

Maji nayo ni kifaa cha ujenzi, ingawa hayamo katika hesabu ya fundi. Lipu ya simenti lazima inyweshwe kwa muda wa siku 7, la sivyo inapasuka. Tuseme unatumia madumu 3 asubuhi na 3 jioni: kwa siku 7 ni madumu 42, lita 840. Kipimo ambacho mashirika yanalenga ni lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku, na mara nyingi hatukifikii. Lita 840 ni maji ya familia ya watu 6 kwa juma zima. Basi anayepiga lipu mwezi wa Julai, foleni ikiwa ndefu bombani, anapiga lipu kwa kiu ya jirani. Angoje mvua zianze kidogo, akinge ya paani. Wamama wa kikundi cha kisima wanayo haki ya kumwambia hivyo, naye asikasirike.

Juu ya ujira wa vijana wanaobeba tofali na kukoroga, Yeremia 22 imekwisha kusema maneno makali kwa ajili ya mfalme aliyejijengea nyumba bila kuwalipa watu, na sisi hatuna cha kuongeza. Soda na andazi si ujira, isipokuwa mlikubaliana hivyo.

Limebaki jambo moja, nalo linaulizwa kwa sauti ya chini: siku ya kuondoka, nyumba yenye lipu tuifanyeje? Kuiuza kanuni zinakataza, ingawa tunajua yanayofanyika gizani, na mnunuzi ndiye anayelia baadaye, maana karatasi aliyoandikiwa haina nguvu ofisini. Kubomoa madirisha na mabati yaliyo mali yako unaweza, lakini ukuta ukivuliwa paa huyeyuka kwa msimu mmoja na haumfai mtu. Sisi tunaona ni afadhali familia inayojiandaa kuondoka izungumze mapema na mwenyekiti wa kijiji na ofisi ya makazi, wakiwa bado wana nguvu ya kusikilizwa, kwamba pale karibu yuko mjane au mzee anayelala chini ya turubai. Ofisi ndiyo itakayoamua, lakini mara kadhaa neno la jirani hutangulia. Na ikiwa umebakiza nusu mfuko wa simenti, usiufunge kwa kamba ukauweka pembeni kwa ajili ya siku nyingine. Mpe aliye na sakafu ya vumbi, umpe wiki hiyohiyo, kabla haujawa jiwe.